Macho Yakigeuka Manjano

Kongosho hukaa ndani kabisa, nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Uvimbe unaweza kukua pale na usiuhisi. Lakini ukiota kwenye kichwa cha kongosho, hubana mrija wa nyongo na macho yanageuka manjano, mara nyingi bila uchungu wowote. Tangu 1890 Ludwig Courvoisier, mpasuaji wa Basel, Uswisi, alikuwa ameandika kwamba mgonjwa wa manjano akiwa na mfuko wa nyongo uliofura, pengine shida si mawe.

Kuutoa uvimbe huo ndiyo ilikuwa kazi. Walther Kausch alifanya hivyo Berlin mwaka 1909, na mwaka 1935 Allen Whipple na wenzake wa New York wakachapisha upasuaji wao. Wote walipasua kwa awamu mbili. Kwa nini mbili? Damu. Nyongo isipofika kwenye utumbo, mwili haufyonzi vitamini K vizuri, na bila hiyo damu haigandi. Mgonjwa angeweza kuvuja hadi afe. Kwa hivyo walifungulia nyongo njia kwanza, wakangoja, ndipo wakarudi na kisu. Vitamini K ilipopatikana, Whipple akamaliza yote mara moja, mwaka 1940. Upasuaji huo unaitwa jina lake hadi leo, ingawa yeye mwenyewe aliufanya mara 37 tu.

Miaka ya 1960 na 1970, hospitali zingine zilipoteza hadi mgonjwa mmoja kati ya wanne, na kuna madaktari waliosema wazi uachwe. Kilichookoa mambo hakikuwa dawa ya ajabu. Ni mazoea tu, yaani mikono ileile kurudia kazi ileile. Kule Johns Hopkins, Baltimore, timu ya John Cameron iliripoti mwaka 1993 wagonjwa 145 mfululizo bila kifo hata kimoja hospitalini.

Saratani yenyewe bado hurudi kwa wengi, na wengi zaidi hugunduliwa ikiwa imeshasambaa. Kwetu tumbo likiuma ni “vidonda vya tumbo”, unanunua dawa ya asidi maisha yanaendelea. Sawa. Lakini macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai, choo kilichopauka, kilo zinazopotea bila sababu, ama kisukari kilichomzukia ghafla mzee anayekonda? Hiyo haingoji mwisho wa mwezi. Apigwe skani ya tumbo. Na wakisema apasuliwe, muulize daktari, bila aibu: hapa mnafanya ngapi kwa mwaka?