Genge la babu na genge letu

Juzi jioni tulikuwa watano tu maskani hapa Junda, simu moja, tunaangalia mpira. Mama mmoja akapita na mwanawe, akamvuta mkono: "Pita huku, hilo genge." Sikumjibu. Panga zimeshakata watu Kisauni, na mama hakuota hofu yake. Lakini iliniuma. Nikamhadithia babu, akacheka. "Hata mimi nilikuwa kwa genge," akasema. Miaka mingi, bandarini Kilindini.

Yani genge la babu lilikuwa kikosi cha makuli. Kila genge na serahangi wake, wengine ndani ya meli wanafunga mzigo, wengine gatini wanapokea. Neno lenyewe ni la Mwingereza, *gang*. Kwao zamani lilimaanisha mwendo, safari. Waskoti bado wanalo la "kwenda". Baadaye likawa kundi la vibarua, na la wahalifu pia. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa 1896, ilijengwa na magenge. Na Januari 1947, watu wa bandari na reli walipogoma karibu wiki mbili kutaka mshahara, wakikutana Kiwanja cha Maskini, wengi walitoka kwa magenge hayo hayo. Mkoloni aliwaogopa kweli, na hakuna aliyeshika panga.

Tanzania ukitumwa genge unarudi na nyanya na vitunguu. Nairobi nako, miaka ya 2000, Clemo wa Calif Records na kina Nonini na Jua Cali wakaita muziki wao genge, tukacheza sote.

Sasa kwetu imebaki maana moja tu, ya kwenye taarifa ya habari. Nilienda nikaisoma sheria ya 2010 ya uhalifu wa kupangwa. Inasema kundi la watu watatu au zaidi, sawa, tumepita hesabu. Lakini pia inasema lazima wawe na lengo la kufanya uhalifu mkubwa. Huku mtaani watu wanahesabu vichwa, wakifika watatu wanaishia hapo. La lengo hakuna anayeuliza.

Babu aliuliza. "Serahangi wenu nani? Na mnapakua nini?"

Nikamwambia serahangi hatuna. Kazi pia hatuna.