Kutoka Mkwaruzo hadi Ufa: Chimbuko la Nadharia ya Uimara wa Kioo, 1913–1921

Mafundi wa vioo walijua tangu zamani kwamba kioo huvunjika pale kilipokwaruzwa. Fundi huchora mstari mwembamba kwa almasi, hukipinda kioo kidogo, nacho hukatika kwa kuufuata mstari huo. Hata hivyo, hadi mwanzoni mwa karne ya 20 hapakuwa na maelezo ya kuridhisha ya namna mkwaruzo mdogo unavyoushinda unene wa kioo kizima. Insha hii inajenga hoja kwamba jibu la swali hilo lilibadili maana yenyewe ya uimara.

Mwaka 1913 mhandisi Mwingereza C. E. Inglis, aliyechunguza nyufa katika mabamba ya meli, alikokotoa mkazo unaolizunguka tundu lenye umbo la duaradufu. Tundu ambalo urefu wake ni mara 10 ya upana wake, likivutwa kwa kukingama na urefu huo, huuzidisha mkazo kwenye ncha zake mara 21. Lakini hesabu hiyo ilitegemea umbo la tundu, si ukubwa wake. Kwa mujibu wake, mkwaruzo usioonekana kwa macho ungedhuru sawa na ufa mrefu wa umbo lilelile. Uzoefu wa karakana ulikataa, kwani kuung'arisha uso wa chuma kulipunguza madhara ya mikwaruzo.

Utata huo ulitatuliwa na A. A. Griffith, mtafiti wa masuala ya ndege huko Farnborough, katika makala iliyochapishwa mwaka 1921. Alichagua kioo kwa kuwa huvunjika bila kunyumbuka kwanza kama chuma. Badala ya kupima mkazo kwenye ncha, alilinganisha nishati: ufa unaporefuka, kioo huachilia nishati iliyohifadhiwa ndani yake, huku nyuso mpya zikihitaji nishati ili ziundwe. Ufa husonga pale nishati inayoachiliwa inapotosha kulipia nyuso hizo. Hivyo, ufa ukirefuka mara 4, mkazo unaohitajika kukivunja kioo hupungua kwa nusu. Majaribio yake kwa tufe na mirija ya kioo iliyotiwa nyufa yaliunga mkono uhusiano huo.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwenye nyuzi za kioo. Uzi wenye kipenyo cha takriban milimita 1 ulihimili mkazo wa megapaskali 170 hivi. Uzi wa takriban milimita 0.003 ulihimili karibu 3,400. Griffith alihitimisha kwamba kioo cha kawaida ni dhaifu kwa sababu kimejaa kasoro ndogo. Hata hivyo, hakuziweka kasoro hizo kwenye uso pekee. Ni utafiti wa baadaye uliothibitisha kwamba mguso, vumbi na unyevu huudhoofisha uso kwanza, na kwamba kingo zilizokatwa vibaya ndizo mara nyingi chanzo cha mpasuko.

Nadharia hiyo iliangaza pia mbinu iliyoitangulia. Mwaka 1874 Mfaransa François de la Bastie alipata hataza ya kuimarisha kioo kwa kukipoza ghafla katika mafuta. Mbinu hiyo huacha uso ukiwa umegandamizwa, hivyo nyufa hubanwa zisifunguke. Tangu Griffith, uimara wa kioo haukuweza tena kuhesabiwa kuwa sifa ya kioo peke yake: ulikuwa pia kumbukumbu ya yote yaliyougusa uso na kingo zake.