Simba Sita wa Kitengela

Juni 2012 nilikuwa nakaa Kitengela, chumba kimoja karibu na barabara ya Namanga. Asubuhi moja picha zikaanza kuzunguka kwenye simu: simba 6 wamelala chini, wamekufa, na watu wamewazunguka. Walikuwa wametoka Mbuga ya Nairobi, ambayo upande wa kusini haina ua, wakaingia boma kijijini Ilkeek-Lemedung'i na kuua mifugo. Wenyeji wakawamaliza. Mimi, mtu ambaye sijawahi kumiliki hata kuku, niliandika Facebook kwamba huo ni ushenzi. Watu wakanipongeza sana.

Sikuuliza: na mwenye mbuzi analipwa na nani?

Jibu nilikuja kulipata kwenye sheria zenyewe. Sheria ya wanyamapori ya 1976 ilimruhusu mfugaji kudai fidia kwa serikali mnyama wa porini akimharibia mali. Mwaka uliofuata uwindaji ukapigwa marufuku. Yaani ukimgusa simba unashtakiwa, akikugusa yeye unaenda kujaza fomu. Lakini angalau fomu ilikuwepo. Mwaka 1989 Bunge likabadilisha sheria, fidia ya mali ikafutwa. Kisa? Pesa hazikutosha, na madai ya uongo yalikuwa yamezidi. Kwamba watu walidanganya naamini kabisa, hii ni Kenya. Ila aliyesema ukweli naye alifungiwa mlango huo huo. Ikabaki fidia ya binadamu tu, akiuawa au akijeruhiwa.

Hali ikakaa hivyo hadi sheria ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Hesabu mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa Kajiado mwaka fidia ilipofutwa alikua, akawa morani, pengine akaoa, na muda huo wote mbuzi aliyeliwa na simba hakuwa na bei mbele ya serikali. Hao wa Ilkeek-Lemedung'i walishika mikuki wakiwa ndani ya miaka hiyo.

Kumbe njia nyingine ilikuwepo. Mbirikani, huko karibu na Kilimanjaro, tangu 2003 kuna mfuko wa fidia usio wa serikali. Wakaguzi wanafika haraka, wanaangalia mzoga, mtu analipwa. Simba akiuawa, malipo yanazuiwa. Simba wanaouawa wakapungua.

Sheria ya sasa inasema mfugo ulipwe kwa bei ya soko, na madai yapitie kamati ya kaunti. Mtu akiuawa ni milioni 5. Lakini lazima uonyeshe ulijitahidi kulinda mali yako, halafu mtu wa ofisi aje athibitishe.

Mwaka jana nilirudi kumsalimia mama mmoja aliyekuwa akiniuzia maziwa enzi hizo. Chui alikuwa ameua kondoo wake wawili. Alikuwa amepiga simu asubuhi, akaambiwa gari liko mbali, asiguse kitu.

"Sasa mama, utafanya nini?"

"Kijana wangu, nitangoja. Fisi wakimaliza mifupa, nitawaonyesha nini?"

Alikuwa ameifunika mizoga kwa matawi ya miiba. Giza lilipoingia akachukua tochi na shuka, akaenda kukaa kando yake.