Kitili Mwendwa, Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika nchini Kenya

JAJI Maluki Kitili Mwendwa, mzaliwa wa Kitui, ndiye Mwafrika wa kwanza kuongoza Mahakama ya Kenya. Alidumu katika wadhifa huo miaka mitatu pekee, kuanzia 1968 hadi 1971.

Alizaliwa mwaka wa 1929 katika boma la Chifu Mwendwa Kitavi. Ndugu yake, Ngala Mwendwa, alikuwa Waziri wa Leba katika serikali ya kwanza ya Mzee Jomo Kenyatta. Kitili alisoma Makerere, Uganda, kisha akaenda Uingereza kusomea sheria. Baada ya uhuru alikuwa Wakili Mkuu wa Serikali hadi Rais Kenyatta alipomteua Jaji Mkuu, wakati ambapo majaji wengi nchini walikuwa bado Waingereza.

Mwaka wa 1971 kulisikizwa kesi ya njama ya kupindua serikali. Miongoni mwa waliofungwa ni aliyekuwa Mbunge wa Yatta, Gideon Mutiso. Jina la Jaji Mkuu lilihusishwa na njama hiyo, naye akajiuzulu. Hakufunguliwa mashtaka. Katiba ilitaka jaji aondolewe tu baada ya kuchunguzwa na jopo maalumu, lakini kwa kuwa alijiuzulu, tuhuma hizo hazikupimwa mbele ya jopo lolote.

Nafasi yake ilitwaliwa na Mwingereza, James Wicks. Ilipita miaka 26 kabla ya Mwafrika mwingine mzaliwa wa Kenya, Zacchaeus Chesoni, kuteuliwa Jaji Mkuu mwaka wa 1997.

Kitili baadaye aliingia katika siasa na kuwa Mbunge wa Kitui Magharibi. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 1985. Mjane wake, Nyiva Mwendwa, aliweka historia mwaka wa 1995 alipokuwa mwanamke wa kwanza kuteuliwa waziri kamili nchini.

Mwaka wa 2011, mwana mwingine wa Kitui, Dkt Willy Mutunga, alikuwa Jaji Mkuu wa kwanza chini ya Katiba ya 2010. Tofauti na Kitili, aliyeteuliwa na Rais, Mutunga alihojiwa hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama, kisha akaidhinishwa na Bunge. Alistaafu mwaka wa 2016.