Anko, Yule Nani? Historia ya Katuni Zilizopanda Treni na Ndege

Jumamosi moja tulikwama kwenye foleni pale Mwenge, mimi na mtoto wa dada yangu mwenye miaka sita. Mbele yetu ilisimama Coaster ya daladala, moja ya zile zinazokuja zimeshatumika Japani. Mgongoni ilikuwa na mchoro uliopauka kwa jua: uso wa mviringo, pua nyekundu, mashavu mekundu, tabasamu la kutosha watu watatu. Chini yake yalikuwepo maandishi ya Kijapani ambayo mwenye gari hakujisumbua kuyafuta.

"Anko, yule nani?"

Mwandishi wa habari mzima, sikuwa na jibu. Nikasema, "Katuni tu." Dogo akaninyamazia. Mnajua ule ukimya wa mtoto anayejua kwamba mtu mzima amemzuga.

Basi nikapiga picha kwa simu, nikamtumia rafiki yangu mmoja aliyesoma Japani. Akanijibu jioni: "Huyo anaitwa Anpanman. Na hayo maandishi ni jina la chekechea." Kumbe ile daladala, kabla ya kubeba watu wa Posta, ilikuwa inabeba watoto wadogo kuwapeleka shule upande wa pili wa dunia.

Nikaanza kusoma. Nilidhani nitapata kijistori cha kumridhisha dogo, nimalize. Nimejikuta kwenye historia ya uchumi, vita, njaa na tsunami. Ngoja niwasimulie.

Tuanze angani. Mwaka 1993 shirika la ndege la Japani, All Nippon Airways, lilitaka kusherehekea kufikisha abiria milioni 500. Likawashindanisha watoto wa shule wachore ndege. Mchoro ulioshinda ukapakwa kweli kwenye Boeing 747: ndege nzima ikawa nyangumi wa buluu. Wajapani wakaiita Marine Jumbo. Hebu fikiria uko darasani, umechora samaki kwenye karatasi, halafu samaki wako anaruka na watu zaidi ya 500 tumboni.

Miaka mitano baadaye, Julai 1998, shirika hilohilo likapaka ndege zake Pikachu na wenzake. Pokémon ilikuwa imetoka kama mchezo wa Game Boy mwaka 1996, ikaingia kwenye televisheni mwaka 1997, na sinema yake ya kwanza ilitoka mwezi huohuo wa Julai. Humo ndani nako mambo yalikuwa ni hayohayo, kuanzia vikombe hadi vitambaa vya kuegemeza kichwa.

Sasa itazame ile tarehe. Uchumi wa Japani ulikuwa umedorora tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali ilikuwa inalegeza masharti ya biashara ya ndege, na Septemba 1998, miezi miwili tu baada ya Pikachu kupaa, kampuni mpya ya Skymark ilianza kurusha ndege zake kwa nauli nafuu. Mashirika makubwa yalikuwa hayana tena uhakika wa abiria. Na katika familia inayopanga safari ya likizo, anayelilia ndege ya Pikachu si baba.

Taiwan nao wakaiona njia. Oktoba 2005 shirika la EVA Air lilirusha ndege ya Hello Kitty, yule paka mweupe asiyechorwa mdomo, aliyebuniwa mwaka 1974 kwenye kampuni ya Sanrio ya Tokyo. Mwaka 2011 zikaja nyingine. Mle ndani paka yuko kwenye pasi ya kupandia, kwenye chakula, hadi kwenye karatasi za chooni. Ndiyo, chooni.

Hapa mtu atasema: biashara tu. Na mimi nilisema hivyohivyo, nikataka kufunga kompyuta nikalale. Kilichonizuia ni reli.

Mwaka 1987 shirika la reli la taifa la Japani, lililokuwa limezama kwenye madeni, lilivunjwa na kugawanywa kuwa makampuni. Yale yaliyopata Tokyo na Osaka yalipata abiria. Kampuni ya JR Shikoku ilipata kisiwa cha Shikoku, kidogo kuliko vyote katika visiwa vikuu vinne, chenye milima mingi, watu wachache, na hadi leo hakina treni ya mwendokasi ya Shinkansen. Kisha madaraja makubwa yakajengwa kukiunganisha na bara, moja mwaka 1988, jingine mwaka 1998, na magari na mabasi yakaanza kupita juu yake kuelekea miji mikubwa.

Oktoba 2000 JR Shikoku ilichukua treni zake za dizeli za njia ya Dosan, inayokwenda Kochi, ikazipaka uso wa mviringo wenye mashavu mekundu. Anpanman. Yule yule wa Mwenge.

Kwa nini yeye? Kwa sababu mchoraji wake, Takashi Yanase, alikulia Kochi. Yanase alizaliwa mwaka 1919, akachukuliwa jeshini, akapelekwa China. Mdogo wake alikufa kwenye vita hiyohiyo. Yeye alirudi salama, lakini alirudi na jambo moja ambalo hakuacha kulieleza mpaka uzeeni: kwamba katika yote aliyoyapitia, njaa ilikuwa mbaya kuliko yote. Na kwamba alikwenda vitani akiambiwa anapigania haki, vita ilipokwisha akaambiwa haki ile haikuwa haki. Akajiuliza ni haki gani isiyogeuka. Jibu alilolipata ni kumlisha mwenye njaa.

Ndipo akamchora shujaa ambaye kichwa chake ni mkate. Anpan ni mkate mdogo wa mviringo uliojazwa maharage matamu yaliyopondwa. Anpanman akikutana na mwenye njaa anamega kipande cha kichwa chake na kumpa ale. Kisha mwokaji anamwokea kichwa kingine. Kitabu cha picha kilitoka mwaka 1973, Yanase akiwa na miaka 54. Kwenye televisheni aliingia mwaka 1988, mchoraji akiwa na miaka 69. Wale mnaodhani mmechelewa maishani, someni sentensi hiyo tena.

Na hayo maharage matamu, jamani, kwa Kijapani yanaitwa anko. Nilicheka peke yangu.

Sio Yanase peke yake. Upande wa pili wa bahari ya ndani, mkoa wa Tottori, kuna njia fupi ya reli iitwayo Sakai: kilomita 17.9, stesheni 16, kutoka Yonago hadi mji wa uvuvi wa Sakaiminato. Tangu mwaka 1993 inapitisha treni za Kitaro, mtoto wa mizimwi mwenye jicho moja. Kila stesheni imepewa jina la utani la zimwi. Unapandia kwa Mtu-Panya, unashukia kwa Kitaro.

Mchoraji wake, Shigeru Mizuki, alikulia mji huo, na hadithi za mizimwi alizipata kwa bikizee mmoja aliyekuwa akimhadithia utotoni. Akachukuliwa jeshini, akapelekwa Rabaul, katika Papua New Guinea ya leo. Bomu likamkata mkono wa kushoto. Alirudi nyumbani na mkono mmoja, na kwa mkono huo mmoja akachora mpaka alipofariki Novemba 2015.

Unaona nilichokiona? Vijana wawili wa miji midogo walisombwa na serikali yao kwenda kuua na kufa. Mmoja alirudi na njaa kichwani, mwingine alirudi bila mkono. Miaka ikapita, na miji ile midogo ilipoanza kukimbiwa na vijana wake, haikumweka jenerali kwenye treni. Iliweka mkate na zimwi.

Halafu kuna Kesennuma. Machi 11, 2011 tetemeko na tsunami vilipiga kaskazini mashariki ya Japani. Kesennuma, mji wa wavuvi, uliharibiwa na maji kisha moto. Reli ya Ofunato inayoupitia ilikatika vibaya upande wa pwani. Desemba 2012, kwenye kipande kilichosalia, kati ya Ichinoseki na Kesennuma, kampuni ya JR East ilianzisha treni ya Pokémon kwa ajili ya watoto wa maeneo yaliyopigwa na maafa. Ni mabehewa mawili tu: moja la kukaa, jingine limeondolewa viti likawa uwanja wa kuchezea.

Sitaki niwadanganye. Pikachu hakuirudisha reli. Kipande cha pwani, kutoka Kesennuma kwenda mbele hadi Sakari, hakikujengwa tena; tangu mwaka 2013 panapita mabasi kwenye njia yake maalumu. Na kampuni zinazomiliki hizi katuni si taasisi za sadaka. Zinajua vizuri kwamba mtoto akishuka kwenye treni ile ataomba anunuliwe mdoli.

Lakini nikiitazama orodha yote hii, kuanzia shirika lililokuwa linaingia kwenye ushindani hadi mji uliobomolewa na maji, naona mahali katuni inapopendelea kupanda. Inapanda pale watu wazima walipoingiwa na hofu ya kupoteza kitu: abiria, reli, mji, watoto wenyewe. Njia yenye abiria wa kumwaga inaweza kukaa na rangi yake ya kawaida. Ukikuta treni imepakwa tabasamu kubwa sana, uliza kuna nini nyuma ya tabasamu.

Haya, nisiwachoshe. Jumapili nilikwenda kwa dada. Nikamwita dogo, nikamwonyesha ile picha kwenye simu.

"Yule uliyeniuliza anaitwa Anpanman. Kichwa chake ni mkate. Akimwona mtu ana njaa, anakimega anampa."

Akafikiri kidogo. "Kikiisha?"

"Kuna mwokaji. Anamwokea kingine."

"Na mwokaji akiwa hayupo?"

Nimesoma wiki nzima, na bado hilo sina jibu lake. Nikamwambia ukweli huo. Safari hii hakuninyamazia. Akaichukua simu, akaukuza ule mchoro uliopauka mpaka uso ukajaa kioo chote, akasema, "Basi wampe kidogo tu, asimalize."