Mzani wa Wakunga wa Amsterdam

Mkunga hachoshwi na kukesha kama anavyochoshwa na kuandika. Mtoto katoka, mama bado anahema, nawe unasaka kalamu: uzito, urefu, mzingo wa kichwa. Katika hospitali ya Wilhelmina Gasthuis, Amsterdam, hata kondo la nyuma lilipandishwa mzanini, na wakunga waliendelea kuandika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, jiji zima likiwa na njaa.

Njaa yenyewe haikuletwa na ukame. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuyaunga mkono majeshi ya Washirika yaliyokuwa yakija kuwakomboa. Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi wakalipiza kwa kuzuia chakula kisifike magharibi ya nchi. Zuio lilipolegezwa, mifereji ilikuwa imeganda, mashua hazipiti. Mgao ulishuka hadi kalori 400 hivi mpaka 800 kwa siku. Watu walikula viazisukari na vitunguu vya maua ya tulipu. Wapatao 20,000 walikufa. Mei 1945 nchi ikakombolewa, na chakula kikarudi upesi.

Kwa hiyo mimba zilizotunga njaani ziliwahi shibe kabla ya kujifungua, na watoto wakatoka na uzito wa kawaida. Ningempokea mmoja wao, ningeandika "hana tatizo" nikamgeukia mwingine. Lakini kumbukumbu zilitunzwa, na miaka hamsini baadaye mtafiti Tessa Roseboom na wenzake wakawatafuta watoto wale ukubwani. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa umewapata wengi zaidi, tena mapema: wastani wa miaka 47, wenzao 50.

Mwaka 2008 watafiti Bastiaan Heijmans, L. H. Lumey na wenzao walilinganisha damu ya watu waliotungwa njaani na ya ndugu zao. Kwenye jeni ya ukuaji, IGF2, methili zilikuwa pungufu, miaka 60 baadaye. Hizo ni chembe za kikemia zinazoishika DNA bila kuigeuza, zikaamua jeni ifanye kazi kiasi gani. Umri nao huzibadilisha: kwenye kuta za mishipa, jeni ya kipokezi cha estrojeni huzidi kufunikwa na methili kadiri mtu anavyozeeka.

Kwamba IGF2 ndiyo iliyoziba mishipa ya watu wale, hakuna aliyethibitisha. Na presha yao wakiwa wametulia haikupita ya wenzao, jambo linaloniudhi mimi ninayeiamini mno mashine ya presha. Ilipanda kuwazidi pale walipopewa majaribio ya kuwatia wasiwasi. Kliniki tunafanya kinyume: mtu anakaa, anapumzika, ndipo tunampima.