Jina Kapuni wa Milimani: Hawa Ndio Waliotuachia Mivule

Leo staa wetu hana akaunti, hana skendo, na jina lake silitaji kwa sababu hakuna aliyeliandika. Ni yule bibi au babu wa Kiluguru aliyekuwa anafyeka shamba, akafika kwenye mvule, akaupita.

Kwenye makaratasi, Wajerumani walitangaza hifadhi za misitu Uluguru mwaka 1909, na 2008 ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Sawa. Lakini kabla ya Mjerumani, koo za Waluguru, ambao ukoo na ardhi wanahesabu kwa mama, walikuwa na misitu yao ya matambiko. Mle hukati mti, basi. Wajanja wa mjini tunaita ushirikina, ila miti ilibaki.

Halafu mkoloni Mwingereza akaja kuwafundisha watu haohao kutunza mlima! Akawalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, kazi ngumu kinoma, udongo wenyewe haukubali. Julai 1955 watu wakachoka, vurugu zikalipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi. Mradi ukafa. Na wewe wa Dar usijione haikuhusu, maji ya Ruvu unayooga yanaanzia huku.

Jina kapuni wa pili ni popo. Ndiyo, popo! Mvule una mti dume na mti jike. Jike ndio unaozaa, popo anakuja usiku, anakula tunda, anaenda kudondosha mbegu huko mbali. Yaani mvule mwingi unaouona hakuna mtu aliyeupanda, mtu kazi yake ilikuwa kutoukata. Na popo wenyewe tunawatupia mawe.

Sina ugomvi na mkaratusi, nguzo unatoa na unakua fasta. Ila ni mgeni kutoka Australia, na kivuli chake ni cha kukopa, jua linakufuata humohumo.

Ukitaka mvule uani usipande mmoja, utakaa bila mwenza. Shirikianeni na majirani mpande kadhaa, mbali na ukuta na nyaya za Tanesco, maana unaweza kupita mita 30. Miche ulizia vitalu vya TFS kabla ya masika.

Mtaani kwenu kuna mti mkubwa wa zamani? Nani aliukuta, nani aliugomea usikatwe? Muulize bibi, halafu shusha komenti.